Ngazi ya Kwenye Simu na Ukuta wa Mita 4.5: Uchambuzi wa Kisa cha Nyumba Moja ya Goba

Kisa kinachochambuliwa hapa ni cha nyumba ya ghorofa moja iliyokuwa ikijengwa Goba, pembezoni mwa Dar es Salaam, ambayo wenyewe waliamua kubadilisha ngazi wakati nguzo za chini zimekwisha kusimama, nondo za bimu zinafungwa, na mirunda ya kushikilia mbao za slabu, yaani zege la sakafu ya juu, inashushwa kutoka kwenye gari. Niliitwa kukagua mabadiliko hayo kabla zege halijamwagwa, kwa sababu fundi mkuu alikuwa na swali moja lililomzuia kuendelea: tundu la ngazi liachwe wapi, na liwe na ukubwa gani? Swali hilo linaonekana dogo, lakini ndilo linaloamua mengine yote, maana zege likishaganda, ngazi itakayojengwa ni ile inayoweza kupita kwenye tundu lililoachwa, iwe imependwa au haikupendwa.

Ramani ya awali ilikuwa na ngazi ya kawaida inayokunja katikati. Vidato 9 vinapanda hadi kwenye sehemu ya mapumziko, ambayo mafundi huiita landingi, kisha vidato 9 vingine vinarudi kuelekea ulikotoka. Ngazi hiyo ilikaa kwenye chumba chake cha mita 2.2 kwa mita 3.3 nyuma ya sebule, mahali ambapo mgeni aliyeketi kwenye kochi asingeweza kuiona, na hapo ndipo malalamiko yalipoanzia. Mama mwenye nyumba alikuwa amekusanya kwenye simu yake picha nyingi za ngazi za kisasa, na karibu zote zilikuwa za namna moja: mbao nene zinazotokeza ukutani bila kuonekana kinachozibeba, uwazi kati ya ubao na ubao, kizuizi cha kioo kitupu, na utepe wa taa uliofichwa chini ya kila ubao. Alitaka ngazi ya aina hiyo ipande moja kwa moja kando ya ukuta mrefu wa sebule, ili anayefungua mlango wa mbele akutane nayo. Sioni kosa katika kutaka hivyo. Ngazi ni miongoni mwa vitu vichache ndani ya nyumba ya ghorofa ambavyo kila mkazi huvipima kwa mwili wake kila siku, na kuificha nyuma ya sebule kama stoo ni mazoea tu ya ramani zinazochorwa kwa haraka.

Fundi mkuu alikuwa ameshapata jibu lake. Ukuta wa sebule ulikuwa na mita 4.5 kati ya nguzo na nguzo, na ukiondoa mita 1 ya mtu kusimama mbele ya kidato cha kwanza, zilibaki mita 3.5. Kutoka sakafu ya chini hadi sakafu ya juu kulikuwa na mita 3.15. Alipanga vidato 14, kila kimoja kikiwa na kimo cha milimita 225 na sehemu ya kukanyagia ya milimita 270, na hesabu ikafunga. “Injinia, hii inaingia bila kubomoa kitu,” aliniambia (pale saiti kila anayeshika ramani huitwa injinia), na kwa upande wa ukuta alikuwa sahihi kabisa. Ambaye hakuwamo kwenye hesabu yake ni mtu atakayepanda.

Kanuni ya kumpima mtu huyo ni ya zamani. Katika karne ya 17 msanifu wa Kifaransa François Blondel aliandika kwamba kimo cha kidato kikizidishwa mara mbili, kisha kikajumlishwa na upana wa kukanyagia, jumla inapaswa kulingana na hatua moja ya mtu anayetembea, na wasanifu wengi wa leo huichukua jumla hiyo kuwa kati ya sentimita 60 na 64. Ngazi ya ramani ya awali, yenye vimo 18 vya milimita 175 na makanyagio ya 270, ilitoa sentimita 62. Ngazi ya fundi ilitoa 72. Kanuni za ujenzi za Uingereza, ambazo si kali sana kwa ngazi za nyumba binafsi, zinaishia kwenye kimo cha milimita 220, na kanuni za mfano za nyumba za makazi zinazofuatwa katika majimbo mengi ya Marekani huishia kwenye inchi 7 na robo tatu, yaani kama milimita 196. Kwa hiyo kimo cha 225 kisingekubalika hata katika nchi ambako zile picha zilipigwa. Tena nyumba hii ilikuwa na watoto watatu, mdogo wao akiwa na umri wa miaka 2, pamoja na bibi yao ambaye huja kutoka Lushoto kutibiwa magoti na kukaa kwa miezi. Goti bovu huuma zaidi wakati wa kushuka kuliko wakati wa kupanda, na kila milimita inayoongezwa kwenye kimo cha kidato hulipwa na goti hilo.

Hapa ndipo nilipotaka turudi kwenye simu, kwa kuwa picha ya ngazi ikisomwa vizuri hueleza mengi kuliko urembo wake. Nilimwomba mama mwenye nyumba afungue ile aliyoipenda kuliko zote, tukavihesabu vidato kwa kidole, kimoja baada ya kingine, hadi sakafu ya juu. Vilikuwa 13. Nyumba nyingi za Uingereza zina kama mita 2.6 kutoka sakafu hadi sakafu, na ngazi inayouzwa huko ikiwa tayari kiwandani aghalabu huwa na vimo 13 vya milimita 200. Sisi wa pwani hujenga dari zilizoinuka zaidi ili joto lipate pa kupandia, na nyumba hii ilikuwa imefuata desturi hiyo. “Kumbe ya kwao fupi,” alisema, na kwa kweli nusu ya mgogoro ilikwisha papo hapo. Ngazi ileile, ikipandishwa mita 3.15 kwa vimo vya milimita 175, inataka vimo 18. Kidato cha mwisho huwa ni sakafu yenyewe ya juu, hivyo makanyagio ni 17, na 17 mara milimita 270 ni mita 4.59. Ukuta wote ulikuwa mita 4.5, kabla hata ya kuacha nafasi ya kusimama chini. Ngazi iliyonyooka haikuingia, na njia pekee ya kuiingiza ilikuwa kuikaza mpaka iumize.

Suala la pili lilikuwa zito kuliko urefu, nalo ni nani anayezibeba zile mbao. Ukuta wa sebule ulikuwa umepangwa kujengwa kwa tofali la inchi 6, yaani sentimita 15. Tuchukue ubao uliotokeza mita 1 nje ya ukuta, ukiwa umezama ndani yake kwa unene wote wa tofali, na mtu wa kilo 100 akasimama kwenye ncha. Mkia wa ubao unataka kuinuka, na matofali yaliyo juu yake yanalazimika kuukandamiza. Umbali unaofanya kazi ndani ya ukuta ni kama sentimita 10 tu, sehemu moja ya kumi ya ule ulio nje, kwa hiyo nguvu inayotakiwa kuukandamiza mkia huo inafika karibu tani 1. Ni kazi ya mtarimbo unaong’oa jiwe, na jiwe lenyewe hapa ni tofali lililoshikwa kwa saruji nyembamba. Mtoto akiruka badala ya kusimama, nguvu inaongezeka tena. Ukuta wa tofali hauanguki siku hiyo. Huanza kwa ufa mwembamba kwenye plasta, juu kidogo ya kila ubao, kisha ubao unaanza kucheza.

Wapo watakaosema kwamba wazee walijenga ngazi za mawe zinazotokeza ukutani, na zimesimama kwa karne nyingi. Ni kweli, ila zichunguzwe. Ngazi ya duara ya jumba la Queen’s House huko Greenwich, London, iliyobuniwa na Inigo Jones katika karne ya 17, ina vidato vya mawe vilivyoingizwa ukutani upande mmoja tu, na katikati yake hakuna nguzo. Lakini kila kidato kinakalia kile cha chini yake, hivyo uzito unateremka hatua kwa hatua hadi ardhini, na kazi kubwa ya ukuta ni kuvizuia vidato visipinduke. Isitoshe, ukuta wenyewe ni mnene. Hata kuta za matumbawe na chokaa za Mji Mkongwe wa Zanzibar, zenye unene wa karibu nusu mita, zingekuwa na cha kusema mbele ya ubao unaotokeza. Tofali la inchi 6 halina. Katika picha za kisasa, uwazi ukiwa umeachwa kati ya vidato, hakuna kidato kinachokalia kingine, na kinachobeba ni ama ukuta wa zege lenye nondo, ama fremu ya chuma iliyochomelewa kabla ya ukuta kupigwa plasta na kupakwa rangi. Mpiga picha alifika baada ya rangi kukauka.

Miongoni mwa picha za mama huyo kulikuwa na moja isiyo na kizuizi chochote, na aliniuliza kama ya namna hiyo inawezekana angalau kwa vidato vya chini. Mtindo huo una babu yake maarufu: ngazi ya mbao za msonobari katika nyumba ambayo msanifu wa Mexico Luis Barragán alijijengea mtaa wa Tacubaya, jijini Mexico, mwaka 1948, na ambayo UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2004. Mbao zinatokeza ukutani bila mkono wa kushika, zikipanda kutoka maktaba kwenda kwenye kichumba cha juu, na uzuri wake hauna ubishi. Barragán hakuoa, aliishi humo hadi alipofariki mwaka 1988, na ngazi ile haikuwa njia ya familia ya kwenda kulala. Nilimjibu kwamba inawezekana kwa mwenye maisha kama yale. Aliifuta picha hiyo mbele yangu.

Baada ya mambo haya mawili kuwa wazi, urefu na ubebaji, palibaki swali la kama ngazi ihame au irudi nyuma ya sebule. Baba mwenye nyumba, aliyekuwa kimya muda mrefu, alipendelea kurudi kwenye ramani ya awali kwa sababu ya gharama, na hoja yake ilikuwa na uzito, kwani kuhamisha tundu la ngazi si sawa na kuhamisha mlango. Slabu ilikuwa imepigiwa hesabu ikiwa na tundu mahali fulani, na nondo zake zilipangwa kuzunguka tundu hilo. Ukilifunga na kufungua jingine lenye urefu wa mita 4.5, baadhi ya bimu zinabeba zaidi na nyingine zinapoteza kazi. Mhandisi wa majengo alilazimika kupiga hesabu upya na kuchora upya, na michoro iliyobadilishwa ikapelekwa halmashauri, kwa kuwa kibali cha ujenzi kilitolewa kwa ramani ile ya kwanza. Kazi ya slabu ilisimama na mirunda ikaendelea kulipiwa kodi. Pamoja na hayo, nilisimama upande wa kuhama. Chumba cha ngazi ya zamani kilitoa stoo chini na chumba cha kusomea watoto juu, na sebule iliyokuwa na giza upande wa ndani ikapata uwazi unaopanda hadi dari ya juu. Hasara yake ni kwamba ukumbi mdogo wa ghorofani ulipungua kwa zaidi ya mita 9 za mraba, na familia iliikubali ikijua.

Umbo lililochaguliwa ni la kona. Vimo 5 vya kwanza vinatoka katikati ya sebule kuelekea ukutani na kuishia kwenye landingi ya mita 1 kwa mita 1, kisha ngazi inageuka na kupanda vimo 13 kando ya ukuta. Makanyagio 12 ya sehemu hii ya juu yanachukua mita 3.24, na ukiongeza landingi unapata mita 4.24, ndani ya zile 4.5. Kimo kilibaki milimita 175 na makanyagio 270 kama kwenye ramani ya awali. Bibi alipata pia mahali pa kupumzika ambapo ngazi iliyonyooka isingempa.

Sehemu ya chini pamoja na landingi ni zege tupu lililomwagwa chini kwa chini, halina la kusimuliwa. Sehemu ya juu ndiyo iliyobeba ndoto ya picha. Badala ya kuuomba ukuta ufanye kazi usiyoiweza, mhandisi aliweka boriti moja ya chuma yenye umbo la boksi katikati ya ngazi, ikiinuka kutoka kwenye ukingo wa landingi hadi kwenye bimu ya ghorofani, urefu wa karibu mita 4 ukipimwa kwa mshazari wake. Juu ya boriti hiyo yalichomelewa mabamba, na juu ya mabamba zikafungwa kwa bolti mbao za mninga zenye unene wa milimita 50. Ukikaa kwenye kochi, boriti imejificha kivulini na mbao zinaonekana kuelea. Ukuta haubebi hata kilo moja. Mabamba ya kushikia boriti, yenye nondo zake za nyuma, yalipaswa kuwekwa ndani ya bimu kabla ya zege kumwagwa, na fundi wa kuchomelea, ambaye kwa kawaida huitwa nyumba ikiwa imeshaezekwa, aliitwa siku ya kufunga nondo. Vivyo hivyo mabomba ya waya za taa. Huu ndio mpangilio ambao mafundi wetu wengi huugeuza, na ndio unaoleta mashimo ya kutoboa zege wakati wa kumalizia.

Uwazi kati ya mbao ulileta ubishi wake. Kimo cha 175 ukitoa unene wa ubao wa 50 kinaacha milimita 125, na kanuni za Uingereza na za Marekani zinakubaliana kwamba uwazi usipitishe tufe la kama milimita 100, kwa sababu mtoto mchanga akipitisha mwili, kichwa kinabaki. Tulifunga chini ya ukingo wa nyuma wa kila ubao kipande cha mbao chenye kina cha milimita 40, uwazi ukabaki 85, na utepe wa taa ukapata pa kujificha. Kioo cha pembeni mama mwenye nyumba alikiacha mwenyewe baada ya kufikiria vumbi la barabara ya Goba na alama za vidole vya watoto watatu. Badala yake vilisimamishwa vyuma vyembamba vya wima, nafasi ya milimita 90 kati ya kimoja na kingine, na mkono wa mbao kwenye kimo cha milimita 900. Vyuma vya kulala nilivikataa, kwani kwa mtoto wa miaka 2 hivyo ni ngazi nyingine ya pili. Mkono wa pili uliwekwa upande wa ukutani kwa ajili ya bibi. Haumo kwenye picha yoyote ya simu ile.

Jambo moja linastahili kusemwa kwa undani kwa sababu huharibu ngazi nzuri nyingi bila mtu kugundua. Fundi humwaga zege la vidato vilivyo sawa, kisha sakafu zinamaliziwa kwa unene tofauti. Katika nyumba hii sakafu ya chini ilikuwa ipate sentimita 7 za saruji ya kusawazisha na marumaru, vidato vya zege sentimita 3 tu za terazo, na sakafu ya juu sentimita 5. Kama zege lingegawanywa kwa vimo 18 sawa vya milimita 175, kidato cha kwanza baada ya kumaliziwa kingekuwa na 175 kuongeza 30 kutoa 70, yaani 135, na cha mwisho, kama nacho kingekuwa cha terazo, kingefika 195. Mguu huzoea kimo baada ya hatua mbili tatu na kuacha kuangalia. Tofauti ya sentimita 6 hapo ndipo mtu anapojikwaa. Kanuni za Marekani haziruhusu tofauti zaidi ya robo tatu ya nusu inchi, yaani kama milimita 9.5, ndani ya ngazi moja. Kwa hiyo vimo vilipigiwa hesabu kutoka sakafu iliyokamilika hadi sakafu iliyokamilika, kila kimoja kikatoka karibu milimita 174, na alama zake zikachorwa kwa rangi nyekundu kwenye nguzo kabla ya mbao za kufungia zege kukatwa. Fundi mkuu, aliyezichukulia alama hizo mwanzoni kama usumbufu wa watu wa ofisini, ndiye aliyewazuia vijana wake wasizipake chokaa.

Kioo kilibaki mahali pamoja tu, kwenye ukingo wa ghorofani unaotazama sebule, kipande kirefu chenye kimo cha mita 1.1 ambacho mikono ya watoto haikifikii kila saa. Kiliagizwa mwisho kabisa, baada ya marumaru za juu kukauka na kipimo kuchukuliwa kwenye sakafu yenyewe, kwa sababu kioo kilichokazwa kwa moto hakikatwi wala kutobolewa tena kikishatoka kiwandani. Bolti za mbao zilikazwa mara ya pili baada ya kiangazi cha kwanza, mninga ulipomaliza kunywea.